USISEME "NI QADAR" SIKU 14 ZIKAPITA



Kijana amefungwa, familia inarudi nyumbani ikisema: "Ni qadar ya Allah." Sawa. Lakini hakimu ni binadamu, hukumu yake si wahyi.

Hapa Kenya una siku 14 za kukata rufaa. Na jua, mahakama ya juu haipunguzi kifungo kwa sababu mama analia. Inauliza: hakimu alikosea kanuni? Alisahau jambo zito? Kifungo kimepita kiasi? Mfano: kijana amekaa rumande miaka miwili, hakimu hakuizingatia, ilhali kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamtaka aizingatie. Miaka miwili ya mtoto wa watu, ndugu yangu! (Ila muone wakili kwanza, maana rufaa inaweza hata kuongeza kifungo.)

Soma Suratul Anbiyaa, kesi ya shamba lililoliwa na kondoo. Daud alihukumu, Allah akamfahamisha Sulayman, na wote wawili akawasifu kwa hekima na ilimu. Basi kwa nini wewe uone rufaa ni utovu wa adabu?

Ukitoka mahakamani, omba nakala ya hukumu siku hiyo hiyo.

Wallahu a'lam.