Msimu ujao, mashabiki wa Mubambiro wadai nini kwa ekipe zao?

MUBAMBIRO, Masisi – Jioni mpira unapomalizika, neno ni moja: "Mwaka ujao tunapanda!" Vijana wanalisema, wamama wanaouza kando ya barabara ya Sake wanalisema, hata wahami waliofika hapa bila kujua jina la ekipe hata moja nao wanalisema. Ni neno zuri, kwa sababu watu waliopoteza mashamba na nyumba wanahitaji kitu cha kungojea. Lakini hakuna anayeeleza huko kupanda ni kwenda wapi, kwa njia gani na kwa pesa ya nani.

Ngazi ya mpira wa Congo ni ndefu. Chini kuna mashindano ya antanti. Juu yake kuna ligi ya jimbo, LIFNOKI. Baada ya hapo ndipo inakuja Linafoot Ligue 2, ambayo huchezwa kwa kanda, kisha Ligue 1 wanakocheza Mazembe, V.Club na Lupopo. Ekipe ya kijiji ikishinda mechi zake zote msimu ujao, haitakutana na Mazembe. Itakuwa imepanda kidato kimoja tu. Shabiki anayeahidiwa zaidi ya hapo anadanganywa.

Tena ngazi yenyewe imevunjika katikati. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mpira wa Linafoot ni mpira wa safari, leo Kindu, kesho Lubumbashi. Ekipe iliyo upande huu wa mstari wa vita, hata ikiwa na washambuliaji wazuri namna gani, inaweza kushindwa na safari kabla ya kushindwa na mpinzani. Hilo si kosa la kocha wala la golikipa, na mashabiki wasimtukane mtoto wa watu kwa jambo ambalo wakubwa wenye bunduki hawajamaliza.

Je, ndoto ifutwe? Hapana. Dauphin Noir ya Goma imecheza Linafoot. AS Nyuki ya Butembo, katika jimbo hili hili, ilishinda Kombe la Congo mwaka 2018, mwaka ule ule Ebola ilipotangazwa Mangina, ikaenda kuwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa hiyo mtoto wa Kivu anaweza kufika. Ila Butembo ni mji wa wafanyabiashara wakubwa, wakati Mubambiro ni mahali ambapo jamaa nyingi hutafuta chakula cha siku moja moja.

Wale wanaolipa faranga zao kwenye sinema kutazama mpira wa Uingereza wanajua habari ya Luton. Mwaka 2014 ekipe hiyo ilishinda divizioni ya 5, na ilifika divizioni ya kwanza mwaka 2023. Ni miaka 9. Ilikaa huko msimu mmoja, ikateremka, na mwaka 2025 ikateremka tena. Katika msimu wa 2023-24 ekipe 3 zilizopanda huko zilirudi chini zote, na msimu wa 2024-25 zikarudi zote 3 vilevile. Kama wenye mamilioni wanapanda pole pole na kuanguka upesi, kwa nini kijana wa Mubambiro, anayecheza juu ya mawe ya volkano na viatu vya kuazima, apewe mwaka mmoja?

Jambo hili si mchezo tu, kwa sababu ahadi ya kupanda ndiyo hufungua mifuko ya watu. Mtu akisema "tunapanda", mchango unapita nyumba kwa nyumba, na mama aliyekimbia Masisi au Walikale anatoa faranga iliyokuwa ya unga. Mtoto anaacha masomo kwa sababu ameambiwa atauzwa Kinshasa. Mwingine anapunguziwa umri kwenye karatasi. Msimu ukiisha bila kupanda, aliyeahidi haonekani, na mtoto amepoteza mwaka wa shule.

Kuna na jambo la wachezaji wenyewe. Jamaa zinaporudi Mushaki, Karuba au Kitchanga, ekipe inaweza kupoteza nusu ya wachezaji wake kwa juma moja. Wasupota hukasirika, lakini hiyo ni habari njema! Beki akirudi kulima shamba la baba yake, kijiji chake kimepata mtu. Komite yenye akili huandaa wadogo wa kushika nafasi yake, haimfungii mtu njia ya nyumbani.

Basi mashabiki wadai nini? Kwanza, ekipe imalize mechi zote za msimu bila kupigwa forfe hata mara moja. Pili, pesa ya mchango isomwe mbele ya watu kila mwezi, iliyoingia na iliyotoka. Tatu, kuwe na ekipe ya watoto chini ya miaka 15, wenye umri wa kweli, na asiyekwenda shule asicheze. Nne, uwanja ukaguliwe kabla ya mazoezi. Eneo hili lilikuwa na kambi za jeshi, na hofu ya mabomu yaliyobaki haijaondoka. Mpira ukiingia porini, mtoto asitumwe kuufuata ovyo.

Kama hayo manne yatafanyika, kumaliza katika nusu ya juu ya jedwali ni jambo linalowezekana msimu ujao, na baada ya miaka 3 watu wataweza kuzungumza juu ya kupanda bila kuchekwa. Kama hayatafanyika, hata jezi mpya za mwanasiasa hazitasaidia kitu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jioni nyingine rais wa ekipe atakaposimama na kusema "mwaka ujao tunapanda", shabiki mmoja ainue mkono, bila matusi, amuulize: "Rais, daftari la mchango liko wapi?"