Tumechoka na Miduara

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu mitishamba na maradhi ya meno, meza ya mhariri imefurika miduara. Mwandishi anachemsha gome, analoweka kikaratasi kwenye dondoo, anakipachika kwenye sahani ya agari yenye bakteria wa Streptococcus mutans, kesho yake anapima mduara uliobaki wazi bila bakteria. Milimita 14! Tayari ni dawa.

Tupige hesabu ambayo wengi huikwepa. Tone la mikrolita 10 la dondoo yenye miligramu 100 kwa mililita hubeba mikrogramu 1,000. Tone kama hilo la klorheksidini ya asilimia 0.2, dawa ya kusukutua kinywa wanayolinganisha nayo, hubeba 20 tu. Mmoja kapewa mara 50 ya mwenzake, kisha tunaambiwa gome "linakaribia" klorheksidini. Wapo hata wanaojivunia kipenyo cha milimita 6, na kikaratasi chenyewe kina upana wa milimita 6.

Isitoshe, mduara hutegemea jinsi kitu kinavyosambaa kwenye agari, ambayo karibu yote ni maji. Mafuta ya karafuu hayapatani na maji, kwa hiyo kilicho kikali chaweza kuchora mduara mdogo, na kilicho hafifu kikachora mkubwa. Tuleteeni kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua. Kikizidi miligramu 1 kwa mililita, msipige mbiu. Watafiti Ríos na Recio walishatahadharisha hivyo mwaka 2005.

Na ni bakteria gani hao? Jipu la jino ni kundi zima, wengi wao wasiostahimili oksijeni, akina Prevotella na Fusobacterium. Kwenye ukoga wamejengeana utando ambao dawa haiupenyi kirahisi. Maabara isiyo na chombo cha kuotesha bakteria bila oksijeni huwapima wale tu wanaokubali kupimwa. Bei ya chombo hicho naijua; basi maabara ziazimane, badala ya kila moja kurudia Staphylococcus aureus yuleyule wa kabatini.

Ndani ya toleo, makala ya mti wa mswaki, Salvadora persica, ndiyo iliyonikuna: inafuatilia isothiosianati ya benzili, kitu chenye jina, ambacho mwingine anaweza kukipima upya. Ya mwarobaini imeandikwa vizuri. Ya usajili wa waganga isomwe na wanaohusika.

Kuanzia toleo lijalo, makala yenye miduara mitupu itarudishwa kabla ya kufika kwa wapitiaji. Picha za sahani bakini nazo.