Mshahara Usio Wako

Msomaji, bila shaka umekwisha kuambiwa mara nyingi: soma kwa bidii, upate kazi, upate mshahara, nawe utakuwa mtu huru. Mimi nalifundishwa hivyo, nami nikawafundisha wengine hivyo kwa miaka kadhaa. Leo nayapinga maneno yangu mwenyewe. Mshahara peke yake haumfanyi mtu huru. Nimewaona wengi waliofungwa na mshahara wao kama ng'ombe afungwavyo kamba katika malisho mema, na mmoja wao nalikuwa mimi.

Nilipotoka chuo cha ualimu na kuandikwa kazi, hapana aliyeniuliza kijijini nafundisha somo gani. Waliniuliza gari nitanunua lini. Mwalimu aendaye kwa miguu, walisema, anaiaibisha chaki. Katika mwaka wa pili nikakopa, nikanunua gari kuukuu, kisha nikakopa tena ili nilitengeneze. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato ya mshahara kupita theluthi mbili, nami nikafika ukingoni mwa mpaka huo. Fikiri maana yake: katika kila siku tatu nilizosimama mbele ya darasa, siku mbili hazikuwa zangu. Nilipotaka kusema hapana kazini, nilikumbuka deni, nikasema ndiyo.

Mwaka huo mama yangu aliugua, ikawa hapana budi apasuliwe. Mimi, mwanawe mwenye gari, nikazunguka kwa majirani nikiomba. Aliyetoa kwanza alikuwa shangazi yangu auzaye mboga sokoni. Alifungua fundo la leso, akahesabu noti moja moja juu ya gunia la sukumawiki, wala hakuniuliza neno. Mama alipona. Aibu yangu haijapona mpaka leo.

Niliuza gari kwa hasara, nikahamia vyumba viwili karibu na shule, nikanunua baiskeli. Deni lilipokwisha, niliacha mshahara ukatwe vile vile, ila sasa fedha ziliingia katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, kwa jina langu. Hesabu yake ni nyepesi. Mtu atumiaye sehemu tisa katika kumi na kuweka moja hufanya kazi miezi tisa ili apate mwezi mmoja wa kuishi bila kumtegemea mtu. Atumiaye nusu na kuweka nusu, kila mwezi wa kazi humnunulia mwezi wa uhuru. Sisemi haya kwa kibarua ambaye ujira wake haufiki hata mwisho wa juma. Kumwambia aweke nusu ni kumdhihaki. Nasema nawe utakayekuwa karani, muuguzi au mwalimu, ambaye watu watakutaka uonekane tajiri kabla hujawa hata na akiba ya mwezi mmoja.

Wala usidhani mtego utangoja mpaka uajiriwe. Siku utakapotimiza miaka 18 na kupata kitambulisho, simu yako itakuwa tayari kukukopesha. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Yaonekana ndogo. Lakini mtu akopaye shilingi 1,000 kwa ada hiyo, na kukopa tena kila mwezi ili alipe ya mwezi uliopita, kwa mwaka mmoja hutoa shilingi 900 za ada tupu, na elfu yenyewe angali akidaiwa. Wazee wetu walimwona mdai akija kwa mbali, wakapata nafasi ya kujificha. Sisi twalala naye chini ya mto.

Wanaonipinga husema mimi ni bahili. Hilo silijibu. Husema pia kwamba mwenye kuweka nusu ya mshahara anawanyima ndugu zake, na hilo lina uzito. Nakiri nimekataa michango. Nilikataa kuchangia arusi ya mahema na magari ya kukodi, na binamu yangu hakunisemesha mwaka mzima, iliniuma. Lakini karo ya mdogo wangu sikuikosa muhula hata mmoja, wala sikuikopa. Shangazi yangu hakuwa na mshahara. Alikuwa na akiba. Siku ile ya upasuaji, ni nani kati yetu wawili aliyekuwa ndugu?

Katika chumba cha walimu yuko mwenzangu mmoja aliyezoea kunichekesha mbele ya watu: "Mwalimu, gari lako lilipotelea wapi?" Juma lililopita alinifuata jioni, nikiwa nafunga vitabu nyuma ya baiskeli, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mtu huanzia wapi. Nikamwambia aje Jumamosi na hati yake ya mshahara, na kalamu.