MAARIFA YA NYUMBANI: Maji Ndani ya Kompyuta

Msomaji mpenzi, leo nataka kukusimulia ubishi uliotokea katika nyumba moja huku juu Mbinga, maana yamkini kesho utatokea kwako. Kijana wa nyumba hiyo amepata kazi ya kutengeneza picha za video za harusi. Baba yake ameuza kahawa. Basi kijana akamwendea akasema, "Baba, naomba fedha ninunue vipande, niunge kompyuta mwenyewe hapa nyumbani. Nitaipoza kwa maji." Baba akashtuka. "Maji na umeme katika sanduku moja! Mwanangu, wataka kuiunguza kahawa yangu yote kwa siku moja?"

Je, nani ana haki? Tusikate shauri upesi. Tutazame kwanza kazi yenyewe.

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Umeme unaoingia humo karibu wote hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kazi nyepesi hutumia wati 65 hivi; ya kazi nzito yaweza kupita wati 200. Wakumbuka balbu ya zamani ya wati 60 jinsi ilivyounguza vidole? Fikiri balbu tatu za namna hiyo zimekusanywa mahali padogo kama kiberiti. Joto lisipoondolewa, likikaribia digrii 100, prosesa hupunguza mwendo wake, na likizidi, mashine hujizima ili isiharibike.

Kwa desturi joto hilo huondolewa na feni. Lakini maji ni mchukuzi hodari kuliko hewa. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Wala jambo hili si geni kwetu. Zile mashine za kusaga za dizeli za mtindo wa zamani huwa na pipa la maji kando yake, na mabomba mawili. Maji ya moto kutoka katika injini hupanda hata juu ya pipa, yaliyopoa hurudi kwa chini. Kompyuta ya maji ni ndugu yake mdogo. Juu ya prosesa hukaa kipande cha shaba chenye vijia vyembamba ndani. Pampu ndogo husukuma maji yapite humo, yachukue joto, yaende katika rejeta kama ya gari, hapo feni huyapuliza, nayo huanza safari tena. Wakubwa walianza zamani: katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa na kompyuta yake, System/360 Model 91, iliyopozwa kwa maji.

Sasa shika neno hili, kwa maana ndilo kiini cha habari yote. Maji hayo hayaleti baridi. Yanahamisha joto tu, kutoka kwenye prosesa hata kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo hayawezi kupoa kuliko hewa hiyo. Mashine ile ile iliyo shwari huku milimani mwezi wa Juni, ukiishusha Mbamba Bay wakati wa joto, itapanda moto pamoja na chumba, hata ukiijaza maji mapya kila siku. Huko ufukweni dirisha lililo wazi na kivuli cha mwembe vyaweza kukufaa kuliko pampu ya pili.

Basi, kijana akitaka kufanya kazi hii, na aifanye kwa utaratibu huu.

Kwanza, asitie maji ya ziwa wala ya kisima. Yana chumvi na vijidudu, na vijia vile vyembamba vitaziba au kuota ukijani. Atumie maji ya kupozea yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pili, asichanganye shaba na aluminiamu katika mzunguko mmoja, maana hapo chuma kimoja hukila kingine polepole.

Tatu, na hapa wengi hukosa uvumilivu: ajaze maji, kisha aiwashe pampu peke yake, vipande vingine vyote vikiwa havina umeme. Aweke karatasi laini chini ya kila kiungo, aache pampu iende siku moja nzima, usiku na mchana. Karatasi ikilowa hata tone moja, akaze kiungo na kuanza tena. Asidanganyike na maneno kwamba maji safi hayapitishi umeme vizuri. Yakishagusa vumbi na chuma, hupitisha, nayo yaweza kuharibu kila kipande yanachokigusa.

Nne, lile sanduku linalopokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani asilifungue kamwe. Vipande vingine hutumia volti 12 au pungufu, lakini humo ndani mauti yapo hata baada ya kuchomoa waya.

Kwa hiyo baba hakukosea kuogopa, wala kijana hakusema upuuzi. Lakini kabla ya kutoa fedha, lilibaki swali moja: je, liko joto la kuhitaji maji? Walikaa wakahesabu. Prosesa waliyoweza kuinunua ni ya wati 65. Kwa hiyo, feni kubwa nzuri yatosha kabisa, na bei yake ni ndogo sana kuliko pampu, rejeta na mabomba yake. Pia feni ikifa, mtoto aweza kuifungua na kubadili. Maji yakivuja, kilio ni cha nyumba nzima.

Wakaafikiana hivi: kijana aliunga mashine yake kwa mikono yake mwenyewe, yenye feni. Akaiweka juu ya meza, mbali na moshi wa jiko, na kila mwezi huizima, huchomoa waya, hufuta vumbi kwa brashi laini. Fedha iliyosalia ilinunua mbolea ya mibuni. Naye baba akasema mbele ya mama, "Harusi zikileta mashine kubwa, nunua maji yako kwa fedha yako, nami nitakesha nawe nikitazama karatasi."

Nawe msomaji, mwanao akikujia na ombi la namna hii, usimfukuze. Mwambie akuhesabie wati kwanza.