Vidonge vya Kuchangamsha Moyo Visichanganywe Ovyo

Askari arudipo nyumbani kutoka zamu ndefu, huenda mwili umechoka, usingizi umempaa na moyo umejaa huzuni. Mkewe, kwa mapenzi mema, humtafutia vidonge vya kuchangamsha moyo. Chupa ya kwanza isipoleta nafuu kwa siku tatu, huongezwa ya pili. Jirani naye huleta ya tatu. Kwa kuwa zote huuzwa bila cheti cha daktari, hakuna nyumbani humo anayeshuku hatari.

Vidonge vya aina hiyo ni vingi. Kimoja hutokana na mmea wa Ulaya wenye maua ya manjano, Hypericum perforatum, ambao chupani huandikwa St John's wort. Vingine huandikwa 5-HTP au SAMe. Majina ni mbalimbali, lakini vyote huweza kuzidisha nguvu ya serotonini, kemikali ambayo neva za ubongo huitumia kupashana habari. Kuvimeza kwa pamoja ni kama wapishi watatu kutia chumvi katika chungu kimoja bila kuulizana: kila mmoja ametia kwa kipimo, lakini mchuzi haulikiki. Na chungu hicho hicho hutiwa chumvi zaidi na dawa za huzuni zitolewazo na daktari, vidonge vya maumivu vya tramadoli, na dawa za kikohozi zenye dekstromethofani.

Dalili za serotonini kuzidi

Mara nyingi dalili huanza katika saa chache baada ya dawa kuongezwa. Mtu hutokwa jasho jingi, mikono hutetemeka, moyo hwenda mbio, tumbo huharisha, na utulivu humtoka. Hali ikizidi, homa hupanda, misuli hukakamaa na fahamu huchafuka; hata kifo chaweza kutokea. Kwa kuwa kuna homa na kutetemeka, watu wa nyumbani huweza kudhani ni malaria, wakampa dawa ya malaria na kumlaza, kumbe angepelekwa hospitali upesi, pamoja na chupa zote alizotumia.

Mmea unaoziibia dawa nguvu

Mmea huo wa maua ya manjano una dhara la pili. Huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kupita kawaida. Mwaka 2000, uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba kiasi cha indinavir, dawa ya virusi vya Ukimwi, kilipungua damuni kwa zaidi ya nusu kwa watu waliotumia mmea huo. Dolutegravir, itumiwayo sana siku hizi, nayo hupunguzwa. Vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango huweza kushindwa kazi, mama akapata mimba asiyoitarajia. Hata dawa ya mseto ya malaria, artemether na lumefantrine, haifai kuchanganywa nao. Tena, nguvu hiyo ya ini haiishi siku ile mtu aachapo vidonge, bali huendelea kwa wiki mbili hivi.

Kuuzwa bila cheti si ushahidi kwamba kitu hakina madhara. Mwaka 1989, nchini Marekani, watu zaidi ya 1,500 waliugua na zaidi ya 30 wakafariki kwa ugonjwa wa maumivu makali ya misuli uliotokana na vidonge vya triptofani, vilivyokuwa vikinunuliwa madukani kwa ajili ya usingizi na huzuni.

Yapasayo kufanywa

Anayekwenda zahanati yampasa kuchukua chupa zote zilizomo nyumbani, za mitishamba pia, azitandaze mbele ya daktari au mwuguzi bila kuficha hata moja. Mwenye kutumia dawa ya huzuni aliyoandikiwa asiiache ghafla ili kujaribu ya dukani. Na anayeshika usukani au bunduki asichanganye vidonge vya usingizi na pombe wala na dawa za mafua ziletazo usingizi.

Zaidi ya yote, huzuni inayokaa wiki mbili bila kuondoka ni maradhi kama maradhi mengine, na ina matibabu. Askari hakupungukiwa na ushujaa kwa kumweleza daktari kwamba halali usiku. Na mke amsindikizaye mumewe zahanati amemtendea wema mkubwa kuliko chupa tatu za dukani.