Kukosa nyumba Goma: lawama ipimwe kabla ya kutolewa

GOMA – Katika kata nyingi za mji, tangu Ndosho hadi Majengo, kuna neno linalosikika familia ya wahami wa vita inapobisha mlango kutafuta chumba: "Hawa wamezoea msaada. Wangetaka, wangekuwa kwao." Neno hilo ni jepesi mdomoni, lakini linafunga milango. Kwa sababu yake baba ananyimwa chumba hata akiwa na pesa mkononi, na mtoto anachekwa shuleni. Basi inafaa kuuliza: mtu asiye na nyumba alaumiwe kwa lipi, na kwa lipi asilaumiwe?

Kwanza vita. Watu wa Rutshuru, Masisi na Nyiragongo hawakuacha mashamba yao ya maharagi na viazi kwa uvivu. Mwishoni mwa 2022, mapigano yaliposogea, Kanyaruchinya ilijaa watu. Baadaye zikajaa Bulengo, Lushagala na Rusayo. Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliangukia kambi za upande wa Mugunga yakaua watu ambao walikuwa wamekwisha kukimbia. Mwezi wa Februari 2025, baada ya M23 kuchukua mji, wahami waliambiwa waondoke kambini ndani ya saa 72. Kuna waliorudi kijijini wakakuta nyumba haina mabati wala milango. Wengine wakakuta shamba lina mlimaji mwingine. Hapo uvivu uko wapi?

Pili, mlima. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ukateremka tena hadi Buhene. Wenye nyumba wa Goma walilala nje na watoto wao, wakapokelewa na ndugu na hata na watu wasiowajua. Hakuna aliyewaambia kwamba wamezoea msaada. Anayemcheka mhami leo ajiulize kama jana hakuwa yeye.

Hata hivyo, kusema mhami hana kosa juu ya vita si kusema hana la kufanya. Yako mambo ambayo vita haikuyaleta. Baba anayeuza parseli ya familia bila mke wake kujua, hakufukuzwa na bunduki. Sheria ya familia inataka wote wawili wakubaliane. Anayepokea pesa ya msaada asubuhi na kuimalizia kwenye kasiksi jioni, amewalaza watoto wake njaa yeye mwenyewe. Anayetoa garanti bila karatasi wala shahidi, kwa sababu komisioneri ana maneno matamu, ameweka mkononi mwa mtu mwingine usalama wa nyumba nzima. Kuyataja haya si kumtukana mhami. Ni kumhesabu kuwa mtu mzima mwenye akili na uamuzi, si mzigo wa kuhurumiwa tu.

Lakini kipimo hicho hicho kiwafikie na wengine. Sheria ya mwisho wa mwaka 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Wako wenye nyumba wanaoomba miezi 6, wakijua kabisa kwamba familia iliyotoka kambini haiwezi kuzipata. Wako wakubwa wa ardhi wanaouza parseli moja kwa watu wawili, halafu kesi inapofika wanasema hawajui. Hao hawakukimbia vita, wala hawakosi chakula. Kama mhami anaambiwa awajibike, mwenye mamlaka na mwenye nyumba waambiwe mara mbili.

Ni kweli kwamba mwenye nyumba naye anaishi kwa kodi. Mabenki yalipofungwa mwanzoni mwa 2025, hata wafanyakazi wa mshahara walishindwa kulipa. Ndiyo maana mapatano ni bora kuliko kufukuzana usiku. Mpangaji aseme mapema anapokwama, asisubiri kugongewa. Mwenye nyumba akubali kulipwa kidogo kidogo, hasa kwa anayesukuma chukudu au kubeba mizigo na kulipwa kwa siku. Garanti iandikwe kwenye karatasi mbili, kiasi na tarehe, mbele ya shefu wa avenue au kiongozi wa nyumba kumi. Kila mmoja abaki na yake. Kazi hiyo haimalizi daftari wala mchana mzima.

Wajibu unafuata uwezo. Mtu aulizwe juu ya kile alichoweza kuchagua, si juu ya bomu wala juu ya mlima. Aliye na turubai tu ana wajibu mdogo, lakini anao. Aliye na nyumba 5 za kupangisha ana wajibu mkubwa zaidi. Na aliye na bunduki au muhuri wa serikali ndiye mwenye kujibu la kwanza: kwa nini mkulima wa Masisi bado hawezi kulala kwake?