Bastola ya Kwanza Haitakurudishia Kazi



Hii ya leo ni ndefu kidogo, isome hadi mwisho. Na kama una binamu Marekani anayefanya kazi za kompyuta, mtumie.

Nazungumza na wewe uliyetoka Garissa, Eastleigh, Mombasa ama Lamu ukaenda kusomea kompyuta Marekani. Sasa uko Minneapolis, ama Columbus, ama Seattle. Una miaka 25, uko mwaka wa kwanza ama wa pili kazini, na umenunua bastola. Ama hujanunua bado, lakini kila usiku unaangalia video za kulinganisha Glock na Sig. Nazungumza pia na nyinyi mlioko nyumbani, mnaoona picha ya hiyo bastola kwenye status yake, iko juu ya meza pembeni ya laptopu, na mnamjibu kwa emoji za moto. "Sasa umekuwa mwanaume." Kwani wiki iliyopita alikuwa nani?

Wacha tuseme ukweli ambao kwenye status hauonekani. Huyu kijana ana hofu. Na hofu yake ina sababu.

Alipoanza kusoma, kila mtu alimwambia kompyuta ndiyo dhahabu. Halafu Novemba 2022 Meta ikafuta watu 11,000, na mwaka uliofuata ikatangaza wengine 10,000. Januari 2023 pekee, Amazon ilitangaza 18,000, Google 12,000, Microsoft 10,000. Hao ni watu wenye uzoefu, na sasa wanagombania nafasi zilezile na mtoto aliyemaliza chuo juzi. Zile kazi ndogondogo za kujifunzia, kurekebisha hitilafu, kuandika kipande kifupi cha programu, bosi anauliza mbona asiipe mashine ifanye. Hata hapa kwetu tumeonja. Mwaka 2023 wakaguzi wa maudhui ya Facebook walioajiriwa Nairobi waliachishwa kazi kwa mamia, wakaenda mahakamani. Machi 2024 Remotasks ikafunga mlango Kenya, na watu waliokuwa wanalipa kodi ya nyumba na hiyo kazi wakaamka akaunti haifunguki.

Lakini wa huku ukipoteza kazi unarudi kwa mama. Wa kule ana saa juu ya kichwa. Akiwa na viza ya H-1B, kazi ikiisha anapewa hadi siku 60 tu atafute mwajiri mwingine wa kumdhamini, ama afanye mpango mwingine, ama aondoke. Akiwa bado kwenye kibali cha kazi cha baada ya chuo, kile wanachokiita OPT, siku za kukaa bila kazi ni 90 jumla. Akipata nyongeza ya waliosoma sayansi na teknolojia zinafika 150. Zinahesabiwa moja moja. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ikatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Mwajiri gani atalipia hiyo mtu anayeanza kazi?

Mtu wa hivyo halali vizuri. Na mtu asiyelala vizuri ndiye mteja bora wa duka la bunduki.

Hamkujua? Ile biashara inaishi kwa hofu. Kati ya Januari 2019 na Aprili 2021, watafiti wanakadiria watu wazima milioni 7.5 Marekani walimiliki bunduki kwa mara ya kwanza maishani. Karibu nusu yao walikuwa wanawake. Weusi walikuwa wengi kuliko ilivyozoeleka kwa wenye bunduki. Kulikuwa na korona, kulikuwa na maandamano ya George Floyd, kulikuwa na uchaguzi, watu wanapoteza kazi. Kila tukio liliuza. Huwezi kununua uhakika wa ajira dukani, lakini bastola unaipata kwa dola 500 ama 600, na unatoka nayo ukihisi angalau kuna kitu kimoja maishani unakidhibiti wewe. Hiyo hisia naielewa kabisa. Naiita utapeli, kwa sababu haifiki kwenye kile unachokiogopa. Barua pepe ya kukuachisha kazi haipigwi risasi.

Halafu kuna mambo ambayo huyo kaka wa video hakwambii, manake yeye ni raia mzaliwa na wewe si raia.

Kama uko Marekani kwa viza ya mwanafunzi ama H-1B, sheria ya shirikisho inakukataza kununua bunduki, na inakukataza hata kukaa nayo, hiyo bunduki ama risasi zake. Kuna mianya michache. Unaojulikana zaidi ni leseni ya kuwinda. Basi kijana ambaye hajawahi kumkimbiza hata digidigi anakata leseni ya kuwinda kulungu ili apite. Sawa, inaweza kupita. Lakini ikimalizika muda wake na wewe umesahau kwa sababu uko mbioni kutafuta kazi? Uko ndani ya nyumba na kosa la jinai la shirikisho, na tangu 2022 adhabu yake inafika miaka 15.

Dukani utajaza Fomu 4473. Inauliza uraia wako, inauliza aina ya kibali chako. Inauliza pia kama unatumia bangi ama dawa nyingine yoyote iliyopigwa marufuku. Hapa ndugu zangu wa Eastleigh na Garissa sikilizeni vizuri. Miraa. Kwetu ni mazao, inalimwa Meru, inauzwa mchana kweupe. Kule kathinoni, ile kemikali iliyo kwenye miraa mbichi, iko daraja la kwanza la dawa zilizodhibitiwa, daraja moja na heroini. Unatafuna na marafiki Ijumaa usiku, Jumatatu unatia alama ya "hapana" kwenye fomu ya serikali. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni hadi miaka 10 jela. Na mtu ambaye si raia akihukumiwa kwa kosa la bunduki, anaweza kufukuzwa nchini hata akiwa na grini kadi. Miaka yote ya masomo, shamba lililouzwa, harambee tuliyochanga msikitini, yote yanaishia kwenye ndege ya kurudishwa.

Najua mtanijibu nini. "Kaka, wewe uko Kenya umekaa salama, sisi huku tunashambuliwa." Hili silipuuzi. Mwaka 2015 wanafunzi watatu Waislamu waliuawa na jirani yao Chapel Hill. Mwaka 2017 msikiti wa Dar Al-Farooq, hapo Bloomington karibu na Minneapolis, ulirushiwa bomu. Christchurch, 2019, watu 51. Mtu akisema anataka kulinda familia yake siwezi kumcheka. Msikiti ukiweka walinzi waliofunzwa, wenye vibali, kwa mpango uliojadiliwa na jamaa wote, mimi naunga mkono. Hiyo ni tofauti sana na wewe peke yako, kwenye chumba cha kupanga, na bastola chini ya godoro na akili imejaa mawazo ya viza.

Na tusidanganyane kuhusu karatasi ya kibali inamlinda nani. Philando Castile alikuwa na kibali. Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, polisi akamsimamisha barabarani. Akamwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha. Akapigwa risasi akiwa amefungwa mkanda, mpenzi wake pembeni, mtoto nyuma. Askari akaachiliwa na mahakama. Amir Locke alikuwa na miaka 22 na bastola yake ilikuwa halali. Februari 2022, Minneapolis, polisi waliingia alfajiri bila kubisha, yeye amelala kwenye kochi, jina lake halikuwa hata kwenye hati ya upekuzi. Sekunde chache tu, akauawa. Hakuna aliyeshtakiwa. Wewe una ngozi gani? Una jina gani? Ukitoa kibali chako barabarani usiku na lafudhi yako ya Garissa, unadhani askari ataona raia mwema anayetumia haki yake?

Sasa tufike kwenye lile ambalo ndilo lilinifanya niandike.

Mwaka 2022 bunduki ziliua watu zaidi ya 48,000 Marekani. Watu wakisikia hiyo namba wanafikiria majambazi, wanafikiria mashambulizi ya shuleni. Zaidi ya nusu, kama 27,000, walijiua wenyewe. Hiyo bastola unayoinunua kwa ajili ya mwizi, mtu ambaye ina uwezekano mkubwa wa kumuua ni mwenyewe.

Usiseme hayo ni ya wazungu. Kuna utafiti uliofanywa California na kuchapishwa 2020, uliwafuatilia watu wazima milioni 26 kwa miaka 12. Wanaume waliokuwa na bastola walijiua kwa bunduki karibu mara 8 zaidi ya wanaume wasiokuwa nayo. Wanawake, mara 35. Na hatari ilikuwa juu kabisa mara tu baada ya kununua bastola ya kwanza. Haikwisha hapo, iliendelea miaka, lakini kilele kilikuwa mwanzoni.

Sasa weka hiyo kando ya zile siku 60. Kijana amepoteza kazi. Kila asubuhi anatuma maombi 30, jioni anafungua majibu ya "tunasikitika". Kodi ya nyumba inakuja. Nyumbani hawajui. Amekaa peke yake baridi ya Januari Minnesota, jua linazama karibu saa kumi na moja jioni. Wazo la kufa likimjia, mara nyingi hupita. Wengi wanaookoka jaribio la kujiua hawafi kwa kujiua baadaye. Lakini kwa bunduki, takriban watu 9 kati ya 10 hawapati nafasi hiyo ya kuokoka. Tofauti kati ya usiku mbaya uliopita na janaza mara nyingi ni kile kitu kilichokuwa ndani ya droo.

Na sisi tunafanya nini? Tunanyamaza. Tunasema "alifariki ghafla". Tunaona aibu kumtaja, tunamuachia mama yake aibu hiyo aibebe peke yake. Hapa Kenya kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kifungu cha 226 kuwa kinyume na katiba. Yaani mtu anazama, sisi tunamfungulia kesi. Sheria ikibatilishwa midomo yetu haibadiliki siku hiyohiyo.

Nyinyi wa nyumbani nawalaumu zaidi, na sitaomba radhi. Mnamuita "mtu wa IT" kama cheo cha ubalozi. Karo ya mdogo wake, paa la nyanya, harusi ya shangazi, yote ni yeye. Akipiga simu swali la pili baada ya salamu ni pesa. Atawaambiaje amefutwa? Atazima simu wiki mbili mtasema ana majivuno. Jaribuni kitu kimoja wiki hii. Mpigie binamu yako. Usitaje pesa. Muulize, "Kazini kunaendaje kweli? Unalala?" Akikwambia kazi imeisha, usimwambie "fanya subira" halafu ukate. Kaa kwenye simu. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, usiogope. Na muulize kama kuna bunduki ndani ya nyumba.

Wewe uliyeko kule na tayari unayo, na mambo yamekuwa magumu: itoke nyumbani kwa sasa. Maduka mengine ya bunduki na vituo vingine vya polisi hukubali kuhifadhi. Rafiki anaweza pia, lakini sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hivyo piga simu uulize kwanza. Kama haiwezi kutoka, itolewe risasi, ifungiwe, ufunguo ukae kwa mtu mwingine, risasi zikae kwingine.

Wewe ambaye hujanunua, hizo dola 600 mlipe wakili wa uhamiaji akae na wewe saa moja kabla hujafutwa kazi. Ujue siku zako zinaanza kuhesabiwa lini, ujue unaweza kubadilisha kibali kwenda kipi. Ikibaki, iweke. Halafu tafuta wenzako. Waswahili na Wasomali wanaofanya kazi za kompyuta kwenye miji hiyo si wachache, lakini kila mmoja anajificha na barua yake ya kukataliwa kama ugonjwa. Mbona vyama vya mazishi tunavijua kuviunda siku moja, mtu akishakufa, na cha kutafutiana kazi hatukiundi? Anzeni na watu watano na kikundi cha WhatsApp. Nafasi ikitokea kwenye kampuni yako, wataje wenzako kwa bosi kabla haijatangazwa.

Namba zihifadhini sasa hivi kwenye simu. Marekani ni 988, kupiga ama kutuma ujumbe, saa 24. Kenya ni 1199, Msalaba Mwekundu, bila malipo. Na sanduku la ujumbe la ukurasa huu liko wazi. Andika kwa Kiswahili, Kisomali ama Kiingereza, jina lako halitatajwa.